Mama mkwe anakataa jina la Wojciech, eti halina maana

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni kijana wa Morogoro, Barcelona damu, mke wangu kajifungua dume wiki mbili zilizopita na nataka aitwe Wojciech kama kipa wetu Szczęsny, sasa mama mkwe kakomaa, anasema hatuwezi kumpa mjukuu wake jina lisilotamkika na hatujui maana yake, huenda hata ni tusi. Lina maana gani?

JIBU: Marahaba kijana, na hongereni sana kwa mtoto. Tuanze na kulitamka, ni kama "Voichekh", ile kh ya mwisho itoke kooni kama watu wa pwani wanavyosema kheri. Tusi halimo kabisa, mwambie mama atulie. Ni jina la kale la Kipolandi lililoungwa kwa maneno 2, "woj" ni mambo ya vita na wapiganaji (mpaka leo jeshi wanaita wojsko), na "ciech" ni furaha, faraja. Kwa hiyo kuna wanaotafsiri mpiganaji mwenye furaha na kuna wanaosema anayefurahia vita, mi naegemea hiyo ya kwanza, alafu ona sasa, nusu ya jina tunayo hapa hapa, kina Faraja si wamejaa mtaani?

Kama mama ni Mkatoliki mwambie pia ni jina la mtakatifu, tena huenda anamjua kwa jina lingine, Adalbert. Alikuwa askofu wa Praha, mji mkuu wa Ucheki ya leo, akaenda kuhubiri kwa Waprusi, watu wa pwani ya Baltiki ambao hawakuwa Wakristo, wakamuua tarehe 23 Aprili 997, na inasimuliwa kwamba mtawala wa Poland, Bolesław, aliukomboa mwili wake kwa dhahabu ya uzito uleule. Kaburi lake liko mji wa Gniezno, Poland, na kwenye milango ya shaba ya kanisa kuu pale kuna picha yake akiwatetea watu waliouzwa utumwani, hiyo mi hunigusa kuliko hata ile dhahabu.

Ila sikufichi, Mpolandi mtu mzima ukimtajia Wojciech anaweza kumkumbuka Jenerali Jaruzelski, yule wa miwani myeusi aliyetangaza utawala wa kijeshi tarehe 13 Desemba 1981 watu wakakamatwa usiku usiku. Naye ni Wojciech. Lakini jina halikufa kwa sababu yake, wazazi wameendelea kuwapa watoto.

Kwa kifupi wanasema Wojtek, na hapo ndo kuna stori tamu, maana Wojtek maarufu kuliko wote ni dubu! Askari wa Poland walimnunua akiwa mdogo kule Iran 1942, wakamlea, wakamwandikisha jeshini kabisa, na kwenye vita vya Monte Cassino Italia 1944 akasaidia kubeba masanduku ya mabomu, akaja kufia zuu ya Edinburgh 1963. Na usidhani ni mambo ya mbali sana, wale askari walikuwa wametoka kwenye mateso ya Urusi ya Stalin wakapitia Iran, na familia nyingi zilizotoka nao zikaletwa huku kwetu, maelfu wakaishi kambi ya Tengeru pale Arusha, makaburi yao yapo mpaka leo. Ukipata nafasi mpeleke mama akaone.

Na kipa wako sasa, Szczęsny kwa Kipolandi cha zamani ni mwenye bahati, mwenye heri, yani jina lake zima ni furaha juu ya heri, na Kombe la Dunia 2022 alidaka penati 2, moja ya Messi mwenyewe.

Ushauri wangu, cheti kiandikwe Wojciech Faraja, mama mkwe amwite Faraja wewe umwite Wojtek, maana ni lilelile. Ila karani umwandikie jina kwenye karatasi herufi kwa herufi, c zote 2 ziwepo, na ulikague kabla cheti hakijatoka.