Wadogo zangu mnaoanza modeli za kompyuta za fuvu la mtoto, gusa utosi kwanza

Kabla hujafungua laptopu nenda kwa bibi yako pale Ngamiani, Tanga, muulize akimshika mtoto wa siku arobaini kichwani anagusa nini. Atakuonesha utosi, na mistari inayotoka pale, hiyo ndo mishono ya fuvu, na mishono ndo kazi yetu yote. Mi nilianza kinyume, nikakimbilia programu, ikaniponza.

Nilipewa skani ya CT (picha za eksirei za kichwa, kipande kwa kipande) ya mtoto mzima tu wa miezi mitatu, nikaiweka kwenye programu ya 3D Slicer (ya bure hiyo, msinunue kitu), nikatenga mifupa kwa kubonyeza bonyeza afu nikalainisha ili ipendeze. Kumbe mshono wa kutoka utosini kwenda kisogoni ni mwembamba, milimita chache, na vipande vya skani vilikuwa vinene, basi kulainisha kote kule kukauziba. Nikaukuza ubongo ndani ya modeli usiku kucha, asubuhi naangalia kichwa kimeenda mbele na nyuma, upana hamna, kirefu kama ngalawa za Raskazoni, nami nafurahi eti matokeo! Mkubwa wangu akaangalia mara moja tu: umempa ugonjwa mtoto asiye mgonjwa.

Na kweli ugonjwa wenyewe ndo uko hivyo. Mshono ukifunga mapema fuvu halitanuki upande wa kuukatiza, linakimbilia kule kuliko wazi, daktari Mjerumani Virchow alishaeleza hilo 1851, na jina la kitaalamu la kichwa hicho limetoka neno la Kigiriki la mashua, kwa hiyo ngalawa yangu haikuwa mbali. Mishono kufunga mapema humpata kama mtoto 1 kati ya 2,000 mpaka 2,500, na mshono huu wa katikati ndo unaoongoza. Daktari wa upasuaji anataka modeli yako imwambie akikata hapa au akiweka springi ya kutanua fuvu pale, kichwa kitakaaje mwakani, na mwaka wa kwanza ubongo unakua karibu mara mbili, sasa kosa lako dogo la leo nalo linakua nao.

Mkiona tunapandisha joto la ubongo msishtuke, hatupiki kitu. Programu nyingi hazijui kukua ila zinajua kutanuka kwa joto, basi tunazidanganya hapo. Ugumu wa mfupa wengi wanaanzia kama MPa 400 (megapaskali, kipimo cha ugumu), mshono 30, ila mfupa unakomaa kila mwezi, usiuache na namba ya siku ya kuzaliwa mpaka anatimiza mwaka. Na ubongo uache uteleze ndani ya fuvu, ukiugandisha umbo linatoka jingine kabisa.

Skani ya pili ya mtoto huyohuyo ukiipata ishike kama dhahabu, ndo mtihani wa modeli yako, unalinganisha umbo ulilotabiri na kichwa chenyewe, maana mionzi ya CT hairuhusu kumpiga mtoto picha ovyo ovyo.

Faili halisi usiliguse, chezea kopi. Na jina la mtoto lifute kabla hujaanza, sio ukimaliza.