Chipu mpya imesogezwa mbele: niagize au nisubiri?

SWALI: Nauza kompyuta Dodoma mjini. Shule moja imeniomba profoma ya laptopu 20 zenye prosesa iliyotangazwa kutoka "nusu ya pili ya mwaka". Sasa tarehe imesogezwa, na mwalimu mkuu ananiona kama tapeli. Nifanyeje? – Msomaji, Nzuguni

JIBU: Profoma isitaje prosesa ambayo muuzaji wako wa jumla Dar es Salaam hana stoo. Andika kiwango cha chini: idadi ya kori (viini vya prosesa vinavyofanya kazi), RAM GB 16, SSD GB 512, na maneno "kizazi hiki au kipya zaidi". Weka pia siku ya mwisho ya bei, maana dola haikusubiri.

Ukisoma tangazo, angalia kitenzi. "Tumetoa sampuli" maana yake wahandisi wa kampuni za laptopu wamepewa za kujaribia tu. Hata "tumeanza kusafirisha" si dhamana. Kampuni ya prosesa ya Intel ilichelewa miaka kadhaa na teknolojia yake ya kutengeneza chipu iitwayo nanomita 10. Mwaka 2018 ikasema inasafirisha, lakini kilichofika sokoni kilikuwa prosesa ya Core i3-8121U, kwa idadi ndogo, kori 2, na sehemu yake ya picha imezimwa. Chipu za kutosha zilikuja 2019.

Sababu ya kuchelewa ina uzito kuliko tarehe. Sahani ya silikoni, ambayo chipu nyingi hukatwa kutoka kwake, hukaa kiwandani miezi kama 3, ikijengwa tabaka juu ya tabaka. Kosa likiwa kwenye nyaya za juu, sahani zilizokuwa zimesimamishwa njiani humaliziwa kwa mchoro mpya. Likiwa chini, kwenye transista (swichi ndogo za chipu), kazi inaanza upya. Kwa hiyo kuchelewa wiki mbili ni suala la ukaguzi. Kuchelewa robo mbili za mwaka maana yake chipu yenyewe ina kasoro, au chipu nzima zinazotoka kwenye kila sahani ni chache mno.

Julai 2024 AMD, mshindani wa Intel, iliahirisha prosesa zake za Ryzen 9000 siku chache kabla ya kuuzwa, ikakiri kwamba shehena ya kwanza haikufikia ubora, ikataja tarehe mpya kwa kila modeli: 9600X na 9700X Agosti 8, 9900X na 9950X Agosti 15. Ahirisho la namna hiyo liamini. Linalosema tu "tutatoa taarifa" lisiingie kwenye mkataba wako.

"Nusu ya pili ya mwaka" ihesabu kuwa Desemba, kisha ongeza muda wa laptopu kuundwa na kusafirishwa. Mwalimu mkuu mweleze hivyo kwa barua, umpe bei ya kizazi kilichopo, na malipo ya awali ya kitu ambacho hakijatoka usipokee.