Hii 135 imetoka wapi? Ninavyosaka vyanzo vya maandishi ya akili mnemba

Mwezi uliopita jamaa mmoja anayepeleka watalii Tsavo aliniletea kijitabu cha kurasa kumi na mbili. "Mwalimu, mambo yote yamo, wewe ninyooshee lugha tu." Lugha haikuwa na ubaya. Nilikwama ukurasa wa tatu: "Wala-watu wawili wa Tsavo waliua wafanyakazi 135 wa reli mwaka 1898." Hao ni simba.

Nikamuuliza hiyo 135 kaitoa wapi. Akanipa simu nione. Kaandikiwa na akili mnemba, na alipoidai chanzo ikampa jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, hadi ukurasa. Nikakitafuta hicho kitabu. Hakipo. Mwandishi yupo, ila kitabu chenye jina hilo hajapata kukiandika.

Simcheki, maana nami yalinikuta. Niliwahi kupitisha makala yenye tanbihi nne za namna hiyo kwa sababu zilikaa vizuri, zimepangwa, zina miaka na nukta mahali pake. Msomaji mmoja akazifuata zote nne, asikute hata moja. Kazi ile niliirudia bure, na haya juu.

Ukishaandikiwa ndipo ukauliza "umetoa wapi?", ile mashine haiendi kabatini kuchungulia. Inakutungia jibu linalofanana na majibu ya swali kama hilo, kama ilivyotunga sentensi yenyewe. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi mojawapo ni ya kweli, ikamjibu ndiyo. Wakapigwa faini ya dola 5,000. Basi chanzo kiombe mwanzo, kabla ya kuandikiwa, utumie ile inayofungua kurasa za mtandao na kukupa viungo, kisha uvifungue mwenyewe. Nimeona viungo vizima kabisa vinavyokwenda kwenye ukurasa usiosema lile lililodaiwa.

Sasa nirudi kwa simba wangu.

Sifuatilii kila sentensi, nitakesha. "Tsavo ni mbuga kubwa" naipita. Nasimama penye namba, jina la mtu, tarehe, na maneno yaliyowekwa kinywani mwa mtu. Hapo natafuta kile kipande kisichofanana na vingine. Katika sentensi ile vilikuwa viwili: 135, na hilo neno "wala-watu" lenye kistari. Nani Voi husema "wala-watu"? Tunasema simba wala watu. Kistari kile kilinionyesha kwamba sentensi imevuka kutoka Kiingereza, basi kuisaka kwa Kiswahili ni kupoteza bando. Nikaigeuza kwa Kiingereza, nikachukua namba pamoja na maneno mawili matatu ya jirani yake, nikayatia ndani ya alama za mtajo ili mtambo utafute maneno hayohayo kwa mpangilio huohuo.

Zikaja kurasa chungu nzima, zote na 135, karibu zote bila tanbihi. Kurasa hamsini zilizonakiliana ni shahidi mmoja tu, kwa hiyo sizihesabu. Nikamwendea aliyekuwepo. J. H. Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja la Tsavo, ndiye aliyewapiga risasi simba wale Desemba 1898. Kitabu chake cha 1907 kimekwisha haki za kunakili na kimo kizima Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, bure. Nikakifungua kama ukurasa mmoja mrefu nikatafuta idadi ya waliokufa. Anasema vibarua wa Kihindi 28, pamoja na Waafrika makumi ambao hakuna aliyewaandika popote. Hapo niliacha kazi kidogo nikachemsha chai. Watu wanabishania namba, na wengine hawakupata hata kuhesabiwa.

Basi 135 iko wapi? Imo katika kijarida alichokiandika Patterson mwenyewe mwaka 1925 kwa jumba la makumbusho la Field la Chicago, mwaka mmoja baada ya kuwauzia ngozi za simba hao kwa dola 5,000. Halafu mwaka 2009 watafiti walipima kemikali zilizobaki katika mifupa na manyoya ya simba wenyewe, wakakadiria kwamba walikula watu kama 35. Msako wote ulinichukua dakika ishirini, chai ikiwemo.

Mbinu hii ya kukamata kipande adimu sikuibuni mimi. Mwaka 2025 taasisi ya Allen Institute for AI ya Seattle ilitoa OLMoTrace, chombo kinachochukua jibu la modeli yao ya akili mnemba, OLMo, na kwa sekunde chache kikakuonyesha vipande vilivyomo neno kwa neno katika maandishi iliyofundishiwa, ambayo ni matrilioni ya maneno. Wanawezaje? Maandishi yote yamepangwa kama kamusi. Kamusi huisomi kuanzia A: unafungua katikati, unaona neno lako liko kushoto au kulia, unaacha nusu nzima. Vitu trilioni moja ukivigawa nusu kwa nusu, unafika kwenye kimoja kwa hatua 40 tu. Nacho chombo hupendelea vipande virefu vyenye maneno adimu.

Lakini kina mipaka miwili inayotuhusu sana. Kinafanya kazi kwa sababu wenyewe wameyaweka wazi maandishi waliyofundishia. Kampuni iliyofungia yake, hufiki. Na kinalinganisha maneno yaleyale, kwa hiyo jambo lililosomwa kwa Kiingereza likajibiwa kwa Kiswahili litakipita kama maji. Hata kikipata, kinachokuonyesha ni kwamba maneno hayo yamo mle. Hakikuhakikishii kwamba modeli iliyatoa hapo, wala kwamba ni kweli. Kijarida cha 1925 nacho ni chanzo halisi, na bado namba yake inabishaniwa.

Nikishapata, naandika palepale pembeni ya sentensi: kiungo, tarehe niliyofungua, na maneno yenyewe ya chanzo. Ukurasa ninaohofia utafutwa naupeleka Wayback Machine, wanauhifadhi. Ukisema utaandika jioni, jioni hukumbuki.

Mteja hakufurahi. "Mwalimu, 135 inauza." Tukakubaliana iandikwe kwamba Patterson alidai 135, zifuate 28 za kitabu chake, makumi wasioandikwa, na 35 za watafiti. Jana kaniletea ukurasa wa saba: simba dume wa Tsavo hawana manyoya shingoni kwa sababu yalinyofolewa na miiba. Nimeanza na "miiba".