Kwadratiki (hesabu zenye x²): hiyo 0 imetoka wapi? Maswali yenu leo

Ticha aliandika x² + 5x + 6, nikaanza kutafuta x, akanikata. Kosa langu nini?

Hapo hakuna cha kutafuta bana. Huo ni mtajo tu, hauna alama ya sawasawa, kwa hiyo x inaweza kuwa namba yoyote, weka 1 inatoka 12, weka 10 inatoka 156. Unachoweza ni kuuandika upya kwa mabano, (x + 2)(x + 3), basi. Wakikuwekea = 0 ndo unakuwa mlinganyo na x inabanwa, -2 au -3.

x² = 5x. Nimegawa kwa x pande zote nimepata 5, majibu yanasema 0 na 5. Hiyo 0 vipi?

Umeifuta mwenyewe. Ukigawa kwa x ushasema x sio 0, na nani kakwambia sio 0? Hata wakali wa hesabu wanaingia kwenye huu mtego. Hamisha 5x iwe x² - 5x = 0, toa x nje, x(x - 5) = 0, sasa namba mbili zikizidishwa zikaleta 0 lazima mojawapo ni 0, hakuna ujanja mwingine. Ndo maana tunang'ang'ania 0 upande wa pili. Ukiwa na (x - 2)(x - 3) = 12 usiseme x - 2 = 12, maana 12 inapatikana kwa njia kibao, we fungua mabano, hamisha 12, utapata 6 na -1.

Kukamilisha mraba naona kama uchawi. Kwa nini nusu halafu skwea?

Chora. Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa kule Baghdad, karne ya 9, alitumia x² + 10x = 39 na alikuwa anachora kabisa. Chora mraba wenye upande x. Ile 10x igawe vipande viwili vya 5x, kimoja kibandike ubavuni, kingine chini. Umbo linakaribia kuwa mraba mkubwa ila kona moja imemeguka, na kona hiyo ni 5 kwa 5, yaani 25. Zibe! 39 + 25 = 64, upande mzima ni x + 5, kwa hiyo x + 5 = 8, x ni 3. Yeye aliishia hapo kwa sababu urefu hauwi hasi, sisi tunachukua pia x + 5 = -8, tunapata na -13.

Si nitumie fomula tu kila mahali?

Tumia, haikatazwi, yenyewe imetokana na hiyo kona tuliyoziba. Ila anza na b² - 4ac, ile sehemu iliyo chini ya alama ya kipeuo kwenye fomula, ambapo a, b na c ni namba za ax² + bx + c = 0. Kwenye x² + 2x + 5 = 0 inatoka 4 - 20, yaani -16, na namba hasi haina kipeuo cha pili kwenye namba halisi (namba za kawaida), kwa hiyo usihangaike kufuta na kurudia ukidhani umekosea, grafu yake inaelea juu ya mstari wa x na haiugusi popote.