Kukodi boti ya nduaro mwezi wa saba
Kaka, umeuliza kama Julai inafaa kukodi boti hapa Dar kwenda kuvua nduaro, yule samaki mkubwa wa mdomo mrefu kama mkuki. Mimi nakushauri usubiri. Julai kusi inavuma kwelikweli, na njia ya kwenda kisiwa cha Latham ni bahari kuu tupu, hakuna pa kujikinga. Ngoja kaskazi ianze, Desemba hivi. Kabla ya kulipa panda botini ujionee: mashine mbili, redio inayofanya kazi, jaketi okozi la kila abiria. Nahodha akinuna ukimuuliza, tafuta mwingine. Na nduaro akinasa, tafadhali msimpandishe botini kupiga picha. Mshikeni mdomo ubavuni, boti iende polepole maji yapite kwenye matamvua, apate nguvu ndipo aachiwe. Vaa glavu, ule mdomo unakwaruza vibaya.