Maswali ya Wasomaji: Kipimo cha Vinasaba Kinamjua Mbwa Wako kwa Kiasi Gani?

Barua zinazouliza kuhusu vipimo vya vinasaba vya mbwa zimeongezeka kiasi kwamba mwezi huu tumeziachia safu yote. Tumezifupisha baadhi, na majina ya wasomaji tumeyahifadhi.

Daktari, shikamoo. Nina mbwa dume aliyezaliwa na jike wetu wa kienyeji, mwenye rangi ya udongo, na dume wa jirani ambaye ni German Shepherd. Dada yangu anayeishi Marekani alipokuja likizo alimpangusa mate shavuni kwa pamba maalumu na kuyapeleka maabara ya huko. Majibu yanasema nusu yake ni German Shepherd. Nusu nyingine, sehemu kubwa imeitwa “mbwa wa vijijini wa Afrika”, na kilichobaki ni vipande vidogo vya mbegu ambazo sijapata kuziona hapa kwetu. Isitoshe, mbwa mwenyewe ana rangi ya udongo mwili mzima, wala hafanani na baba. Jirani anasema tumeliwa fedha. Nishike lipi? (Msomaji, Arusha)

Marahaba. Jirani yako amekosea, ingawa shaka yake kuhusu vile vipande vidogo ina msingi.

Mbwa ana jozi 39 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, na katika kila jozi moja hutoka kwa baba na nyingine kwa mama. Maabara za aina hii kwa kawaida hazisomi vinasaba vyote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Husoma vituo vingi vilivyochaguliwa, ambavyo vinajulikana kutofautiana kati ya mbwa na mbwa, kisha kompyuta hulinganisha matokeo na hazina ya kumbukumbu za vinasaba vya mbwa ambao mbegu zao zinajulikana. Kwa hiyo jibu unalopewa halimtegemei mbwa wako peke yake, bali hutegemea pia ni mbwa gani wengine waliokwisha kuwekwa katika hazina hiyo.

Upande wa baba kazi ni rahisi. Mbegu nyingi tunazozijua leo zilifungiwa milango katika karne moja na nusu iliyopita: chama cha Uingereza cha kusajili mbwa, Kennel Club, kilianzishwa mwaka 1873, na chama cha wafugaji wa German Shepherd kilianzishwa Ujerumani mwaka 1899. Tangu hapo mbwa wa mbegu hiyo wamekuwa wakipandishwa wao kwa wao, hivyo hubeba vipande virefu vya vinasaba vinavyolingana, na kompyuta huvitambua bila taabu. Ndiyo maana ile nusu ya German Shepherd ni ya kuaminika.

Upande wa mama ndipo penye mambo. Watu wengi, wakiwamo baadhi ya wenzangu katika fani, humchukulia mbwa wa kienyeji kuwa mchanganyiko wa kila mbegu iliyowahi kupita mjini. Mwaka 2009 mtaalamu wa vinasaba Adam Boyko na wenzake walichapisha utafiti wa mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia, na wakaonyesha kwamba wapo mbwa wa aina mbili: wale ambao asili yao ni mbwa walioingia Afrika zamani sana, ambao hawakutokana na mbegu yoyote ya kisasa, na wale waliochanganyika na mbwa walioletwa kutoka nje. Mbwa wengi wa Uganda walikuwa wa kundi la kwanza, ilhali wale wa Namibia ya kati walikuwa na damu nyingi ya kigeni. Boyko huyo baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya vipimo iitwayo Embark, na si ajabu kwamba leo kuna vipimo vinavyomtambua mbwa wa vijijini kama kundi linalojitegemea, badala ya kumlazimisha kuwa chotara wa hiki na kile.

Hata hivyo, pale ambapo hazina haina mbwa wa kutosha kutoka eneo fulani, kompyuta haisemi “sijui”. Kipande isichokifahamu hukipeleka kwa mbegu inayokikaribia. Vile vipande vidogo vya majina ya kigeni katika karatasi yako huenda vimepatikana kwa njia hiyo. Inawezekana pia kuna babu wa mbali aliyetoka nje, kwa kuwa Arusha ni mji uliopokea wageni na mbwa wao kwa miaka mingi, lakini kwa asilimia ndogo kama hizo mimi nisingemhukumia mbwa nasaba.

Ama kuhusu rangi, hilo halipingani na majibu hata kidogo. Rangi ya udongo na lile tandiko jeusi la mgongoni la German Shepherd hutawaliwa na jeni moja, yaani kipande kimoja cha vinasaba chenye kazi yake, iitwayo ASIP, yenye sura mbalimbali. Sura inayoleta rangi ya udongo huishinda ile ya tandiko, hivyo mbwa mwenye moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba huonekana kama mama. Ile ya baba ipo, imejificha tu, na ukimpandisha na jike mwenye tandiko unaweza kuiona ikijitokeza kwa watoto wake.

Nimesoma kwamba Basenji ametokana na mbwa wa Kongo, na kwamba Rhodesian Ridgeback naye ni mbwa wa Afrika. Je, vinasaba vinayakubali haya? (Msomaji, Kampala)

Basenji, ndiyo, bila ubishi. Katika utafiti huohuo wa 2009 alijipanga pamoja na mbwa wa asili wa Uganda na Namibia. Mbwa waliozaa mbegu hii walichukuliwa kutoka Kongo na kufika Uingereza katika miaka ya 1930, na hadi leo jike wa Basenji hupatwa na joto, yaani kipindi cha kutaka dume, mara moja tu kwa mwaka, tofauti na mbegu nyingi ambazo hupata takriban mara mbili.

Ridgeback ana habari ndefu zaidi, nayo ndiyo ningependa wasomaji waikumbuke wanapotazama sura ya mbwa na kukisia ukoo wake. Hakujipanga na mbwa wa Afrika; vinasaba vyake kwa ujumla vinaelekea kwa mbwa wa Ulaya. Na bado ule mstari wa manyoya yaliyogeukia mbele mgongoni mwake, ambao ndio fahari ya mbegu nzima, hautokani na Ulaya. Mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika walikuwa nao, walowezi wakawachanganya na mbwa wao wa uwindaji, na mwaka 1922 wafugaji walikutana Bulawayo kuandika sifa za mbegu hiyo. Mwaka 2007 wanasayansi walionyesha kwamba mstari huo unaletwa na kipande kimoja cha kromosomu kilichojirudia, chenye jeni tatu za kundi la FGF pamoja na nyingine moja. Wafugaji wa vizazi vyote walichagua watoto wenye mstari, wakakihifadhi kipande hicho kidogo cha Afrika, huku sehemu kubwa ya vinasaba vingine ikiendelea kujaa damu ya Ulaya.

Kwa hiyo umbo na ukoo ni vitu viwili. Umbo la mbwa, kwa namna ambayo haiko kwa binadamu, hutegemea jeni chache zenye nguvu kubwa. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba jeni tatu tu, RSPO2, FGF5 na KRT71, zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya katika mbegu za mbwa: masharubu na nyusi, urefu, na kujikunja. Miguu mifupi ya Dachshund inatokana na nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4. Mbwa akirithi kipande kama hicho kutoka kwa babu mmoja wa mbali, atafanana na babu huyo hata kama mababu wengine wote walikuwa wa aina nyingine.

Jike wangu amezaa watoto sita, wanne wamefanana na dume wangu na wawili hawamfanani kabisa. Inawezekana kuwa na baba wawili katika uzao mmoja? (Msomaji, Nakuru)

Inawezekana, na hutokea. Mayai ya jike hayakomai papo hapo yanapotoka, na manii ya dume huweza kuishi ndani yake kwa siku kadhaa, hivyo akipandwa na madume wawili katika joto moja kila mmoja anaweza kupata watoto. Ila kumbuka niliyomwambia msomaji wa Arusha: kutofanana peke yake si ushahidi. Ukitaka uhakika, omba kipimo cha ubaba, si cha mbegu, na usichukue mate wakati watoto bado wananyonya, maana vinasaba vya mama vilivyo katika maziwa vinaweza kuchafua sampuli.

Muuzaji mmoja anatoza zaidi kwa mbwa wenye “cheti cha DNA cha ukali”. Nichukue? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000 kati yao. Mbegu ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine, na katika ukali ilisaidia kidogo mno. Fedha hiyo mpe mtu anayejua kumfundisha mbwa.

Mbwa wangu ni chotara wa Collie. Ana upele, na fundi wa mifugo anataka kumchoma ivamektini ya ng’ombe. Rafiki yangu asema nipime vinasaba kwanza. Je, si gharama ya bure? (Msomaji, Nairobi)

Rafiki yako amekushauri vema, na kwa maoni yangu hapa ndipo kipimo kinaporudisha gharama yake. Ipo jeni iitwayo MDR1 inayotengeneza protini ya kuzitoa nje dawa zinazojaribu kuingia kwenye ubongo. Katika mbwa wengi wa ukoo wa Collie, na pia Australian Shepherd, jeni hiyo imepungukiwa herufi nne za vinasaba na protini hiyo haifanyi kazi. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 2001. Kiasi kidogo cha ivamektini kinachotumika kuzuia minyoo ya moyo hakiwadhuru, lakini kiasi cha kutibu upele ni kikubwa mara nyingi zaidi, nacho kinaweza kumfanya mbwa apepesuke, atoke udenda, mboni za macho zipanuke, apofuke kwa muda, na hata azirai na kufa. Sindano ya ng’ombe huwa na miligramu 10 katika kila mililita, kwa hiyo kosa dogo la bomba ni kosa kubwa kwa mbwa.

Mwenye nakala mbili mbovu yuko hatarini zaidi, mwenye moja hatari yake ni ndogo lakini haijaisha. Chotara anaweza kuwa na moja, mbili au asiwe nayo kabisa, na sura yake haitakueleza. Omba kipimo cha jeni hiyo peke yake, ambacho kwa kawaida ni nafuu kuliko kile cha ukoo mzima. Majibu yakichelewa, mwambie daktari wa mifugo kwamba kuna damu ya Collie. Zipo dawa nyingine za upele anazoweza kumwanzishia, na sindano ile ya ng’ombe ikae kando mpaka hapo.