Jibu: Rangi inabanduka karibu na sakafu, tupake nyingine juu yake?

Hongereni kwa kuanza kurekebisha ukuta wenyewe, wewe na mkeo. Lakini kaka, msipake kwanza! Ule unga mweupe uliosema unabaki vidoleni ukigusa ukuta ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali na lipu, yakikauka chumvi inabaki na kuisukuma rangi. Sisi tulipaka chumba cha mtoto mara mbili, ikavimba tena. Mwishowe mume wangu alibandua lipu mpaka tofali, kimo cha mita 1 hivi, tukachimba mfereji wa maji ya mvua nyuma ya ukuta, tukauacha ukuta wazi kiangazi kizima ndipo tukapiga lipu upya. Anzieni nje: maji ya bati yanamwagikia wapi?